Umenunua gari ya kupelekea oda? Sevisi ya kwanza haisubiri kilomita 5,000



Leo hatuzungumzi picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza bei na kupotea. Leo ni chombo chako cha moto: ile Suzuki Carry, yaani kirikuu, ile IST au Noah, au ile pikipiki ya boksi uliyonunua ili usitegemee tena mtu wa kukodi kila oda ikiingia.

Wengi wetu chombo kikishatoka bandarini Malindi, kikapata namba na bima, tunaona kazi imekwisha. Tunaweka stika ya duka kwenye mlango, tunapiga picha, tunaposti "Sasa tunaleta mpaka mlangoni", na siku ya pili tuko njiani kwenda Nungwi. Sevisi? "Bado mpya, nitafanya ikifika kilomita 5,000."

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tueleze kwa nini, kisha nini cha kufanya, kisha pesa yake itoke wapi.

1. NI MPYA KWAKO, SI MPYA KWA INJINI

Gari nyingi tunazonunua hapa Unguja zimeshatumika Japani. Hizo kilomita 5,000 unazozisubiri unazihesabu kutoka wapi? Kutoka siku uliyoipokea wewe. Injini haijui siku hiyo. Huenda mwenyewe wa mwanzo alibadilisha oili mwezi mmoja kabla ya kuiuza, na huenda hakubadilisha mwaka mzima kwa sababu alijua anaiuza. Halafu ikakaa kwenye yadi, ikakaa melini, ikakaa bandarini. Oili inachoka hata gari ikiwa imesimama.

Kwa hiyo kanuni ni hii: gari iliyotumika, sevisi ya kwanza ni wiki uliyoipokea, kabla haijabeba mzigo wa mteja. Kilomita 5,000 ni za sevisi ya pili, na utaona hapo chini kwamba hata hiyo 5,000 kwa wengi wetu ni nyingi mno.

Kabla ya kwenda kwa fundi, fanya upelelezi kidogo:

Fungua mlango wa dereva, angalia ubavuni. Angalia pia chini ya boneti. Gereji za Japani hubandika kistika kinachoonesha tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho au ijayo. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba unazisoma. Mwaka ukiandikwa kwa herufi R, jumlisha 2018: R5 ni mwaka 2023. Ukiandikwa kwa H, jumlisha 1988: H30 ni mwaka 2018. Kama kistika kinasema kilomita 98,000 na dashibodi inasema 61,000, umeshajua kuna mtu alirudisha namba nyuma.

Angalia pia cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Kwa kawaida kina sehemu ya kilomita. Linganisha na dashibodi.

Tena angalia tairi. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2316, tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzuri kwa macho na mpira umeshakauka. Tairi ya hivyo ukiipakia mzigo na jua la saa saba, inaweza kupasuka njiani.

2. KWA NINI KISIWANI HAPA GARI INACHOKA HARAKA

Ukisoma kitabu cha gari utakuta sehemu inayozungumzia matumizi magumu. Mwenye matumizi hayo anaambiwa abadilishe oili mapema zaidi, mara nyingi nusu ya kilomita za kawaida. Sasa angalia kinachohesabiwa kuwa ni matumizi magumu, halafu jiulize kama si wewe:

Safari fupi fupi. Vitabu vya Japani hutaja safari za kilomita 8 au chini yake. Darajani mpaka Michenzani, Michenzani mpaka Kikwajuni, Kikwajuni mpaka Mlandege. Injini haipati moto wake sawasawa, imeshazimwa. Unyevu na petroli kidogo inayoshuka kwenye oili haipati muda wa kukauka. Oili inakuwa nyepesi na chafu ingawa kilomita ni chache.

Kusimama injini ikiwaka. Mji Mkongwe gari haiingii vichochoroni. Unaegesha Malindi, Vuga au Darajani, unashuka na mfuko wako, unamtafuta mteja aliyesema "niko nyuma ya msikiti", na misikiti iko mingapi! Gari huku nyuma inanguruma na eya kondishen imewashwa. Kilomita hazipandi, lakini injini inafanya kazi.

Mzigo mkubwa. Kirikuu ni gari ndogo ya sheria za Japani: injini isiyozidi sisi 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Hiyo ni mifuko saba tu ya mchele ya kilo 50. Ukipakia kumi na mbili ukaelekea Makunduchi, usishangae.

Vumbi na mchanga. Njia za ndani za shamba bado nyingi ni vumbi, na nyumba za wageni za Paje na Jambiani ziko kwenye mchanga. Vumbi linaziba eya klina, injini inakosa pumzi, petroli inaliwa zaidi.

Chumvi. Hili vitabu vingi haviligusi sana, lakini sisi tumezungukwa na bahari. Upepo wa kaskazi na wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya boneti. Vichwa vya betri vinaota unga, nati zinaganda, paipu za breki chini ya gari zinaliwa na kutu. Na anayeteremka ufukweni kupeleka oda kwa mteja wa hoteli, yeye kajitakia mwenyewe. Egesha barabarani, peleka kwa miguu. Kama ilibidi uteremke, siku hiyo hiyo oshea chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ukijumlisha yote hayo, muuzaji wa mtandaoni wa Unguja mwenye gari ya kupelekea mizigo ni mtu wa matumizi magumu, hana ubishi. Kwa hiyo kama kitabu cha gari yako kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, wewe fikiria 2,500.

3. SIKU YA SEVISI YA KWANZA: NINI KIFANYWE

Usimwambie fundi "nifanyie sevisi" ukaondoka. Neno hilo kwa mwengine ni kumwaga oili na kuweka nyengine, basi. Nenda na orodha:

✅ Oili ya injini na filta yake, vyote viwili. Oili mpya kupita kwenye filta ya zamani ni kama kuoga ukavaa nguo ile ile. Daraja la oili limeandikwa kwenye kitabu, na mara nyengine kwenye kifuniko cha kutilia oili: 5W-30, 0W-20 na kadhalika. Usikubali nzito zaidi kwa sababu tu "huku kwetu kuna joto". Njia za oili kwenye injini za kisasa ni nyembamba.

✅ Oili ya zamani itazamwe kabla haijamwagwa. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye injini. Ikimetameta kama ina unga wa chuma, kuna kitu kinasagika. Ikinuka petroli sana, kuna tatizo la uchomaji, au ni zile safari fupi. Afadhali ujue leo, kabla hujachukua oda za Idi.

✅ Eya klina na plagi. Eya klina itolewe uione kwa macho yako. Plagi zikitolewa rangi yake inasema mengi: kahawia nyepesi ni afya, nyeusi yenye masizi au yenye oili si dalili nzuri.

✅ Kulanti. Hapa tunakosea sana. Tunasema kulanti ni ya nchi za baridi ili maji yasigande, sisi tunatia maji ya mfereji. Lakini kulanti kazi yake nyengine ni kuzuia kutu ndani ya rejeta na injini, na kuchelewesha maji kuchemka. Tena kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai. Ukoko kama huo ndio unaojijenga ndani ya rejeta. Tia kulanti inayokubaliana na gari yako. Ikiwa ni ya kuchanganya, tumia maji yaliyosafishwa ya betri. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, utaungua.

✅ Mafuta ya breki. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu haina uhaba wa unyevu. Yakishaloa, breki zikipata moto mkali zinakuwa laini na mguu unazama. Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila miaka 2. Gari iliyotumika hujui yalibadilishwa lini, basi yabadilishe. Pedi na viatu vya breki vikaguliwe siku hiyo hiyo.

✅ Mkanda wa taimingi. Muulize fundi: injini hii ina mkanda au mnyororo? Kwa mfano, Carry za zamani zenye injini ya F6A zina mkanda wa mpira, zenye K6A zina mnyororo. Mkanda una umri, kwa gari nyingi ni karibu kilomita 100,000. Ukikatika, gari inazima hapo hapo, na kwa baadhi ya injini valvu zinagongana na pistoni, ndipo matengenezo yanapofika bei ya kununua injini nyengine. Kama hujui ulibadilishwa lini na hakuna kistika cha kukuonesha, hesabu kwamba haujabadilishwa.

✅ Betri, taa, wepa, honi, mikanda ya nje, na chini ya gari. Vichwa vya betri visafishwe na vipakwe grisi. Chini ya gari fundi apige tochi kwenye paipu za breki na shokapu.

✅ Taa za dashibodi. Jaribio hili fanya mwenyewe, halina gharama. Washa ufunguo bila ya kupiga staa. Taa nyekundu ya oili, yenye alama ya kijagi, lazima iwake. Piga staa, lazima izimike. Kama haiwaki kabisa, ama imeungua ama kuna mtu kaifunga ili usione. Na ikiwaka ukiwa njiani, simama pembeni na uzime injini hapo hapo. Usiseme "nifike tu Bububu". Injini isiyo na oili haikusubiri ufike Bububu.

4. KAMA CHOMBO NI KIPYA KABISA

Wapo walionunua pikipiki mpya dukani, na wachache gari mpya ya kilomita sifuri. Hapa sevisi ya kwanza inakuja mapema kuliko unavyofikiri.

Pikipiki nyingi mpya, sevisi ya kwanza ni kati ya kilomita 500 na 1,000. Mwenye kuzunguka mjini kilomita 40 kwa siku anafika 500 chini ya wiki mbili! Sababu yake: vyuma vipya vinaposuguana mara ya kwanza vinajilainisha, na uchafu wake unaingia kwenye oili. Oili hiyo ya kwanza inatakiwa itoke mapema. Siku hiyo pia mnyororo unakazwa, klachi na breki zinarekebishwa, valvu zinapimwa, nati zinakazwa tena.

Katika kipindi hicho cha mwanzo usiikimbize mpaka mwisho, na boksi la nyuma usilijaze kupita kiasi.

Gari mpya kabisa nyingi zinataka ukaguzi wa mwanzo karibu na kilomita 1,000, kisha sevisi ya 5,000 au 10,000 kwa mujibu wa kitabu. Ukiona kitabu kimeandika kilomita na miezi, maana yake ni kinachotangulia kufika.

Na hapa kuna jambo la dhamana. Dhamana ina masharti, na sharti kubwa ni sevisi kwa wakati, mahali panapokubalika, kitabu kigongwe muhuri. Ukiruka sevisi moja ili kuokoa pesa kidogo, siku injini ikileta shida muuzaji anaweza kukuuliza: muhuri uko wapi? Kuponi za "sevisi bure" nazo zisome vizuri. Mara nyingi kinachosamehewa ni ufundi tu, oili na filta unalipa.

5. UKIWA KWA FUNDI

Nunua oili mwenyewe kwenye duka unaloliamini, kopo lina sili yake. Likishatumika, litoboe au likate, lisije likajazwa kitu chengine na kuuzwa tena.

Kaa uangalie. Omba vitu vya zamani vitolewe mbele yako na uvichukue. Huko si kumdharau fundi, ni utaratibu. Fundi mzuri mwenyewe atakuonesha.

Nati ya kutolea oili iwekwe washa mpya na ikazwe kwa kiasi. Ukimaliza, pima oili kwa kijiti gari ikiwa sehemu tambarare: iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa.

Dai risiti. Ni gharama ya biashara kama vile mifuko ya kufungia abaya. Siku ya hesabu za kodi au siku unatafuta mkopo, karatasi hiyo inazungumza kwa niaba yako.

6. DAFTARI LIWE KWENYE SIMU

Wewe unauza kwa simu, basi na kumbukumbu za gari ziwe kwenye simu. Fungua kundi la WhatsApp la peke yako, lipe jina la namba ya gari. Kila sevisi tuma humo vitu vinne: picha ya dashibodi inayoonesha kilomita, picha ya kopo la oili, picha ya risiti, na ujumbe mmoja: "Ijayo kilomita kadhaa au mwezi fulani." Dereva kama si wewe, mtie na yeye kwenye kundi.

Siku ya kuuza gari, mnunuzi akiuliza "Sevisi vipi?", wewe hujibu kwa maneno. Unamuonesha kundi. Gari yenye kumbukumbu inamuondolea mnunuzi wasiwasi, na mnunuzi asiye na wasiwasi habishani sana na bei.

7. PESA YA SEVISI ITOKE KWENYE ODA

Hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapokwama. Sevisi haishindikani kwa sababu ni ghali, inashindikana kwa sababu inakuja kwa mkupuo na hakuna aliyeitengea. Tufanye hesabu ya mfano. Weka bei zako mwenyewe.

Mjini unazunguka kilomita 30 kwa siku, siku 6: kilomita 180 kwa wiki.
Safari moja ya Nungwi, kwenda na kurudi: karibu kilomita 120.
Safari moja ya Paje, kwenda na kurudi: karibu kilomita 100.
Jumla: kilomita 400 kwa wiki.

Ukifuata kilomita 2,500, sevisi inakuja kila baada ya wiki 6 hivi. Tuseme inakugharimu shilingi 120,000, na kwa wiki unapeleka oda 40. Wiki 6 ni oda 240. Gawa: shilingi 500 kwa kila oda.

Shilingi 500! Hiyo ndiyo gharama ya kulala usingizi. Sasa jiulize: nauli ya mzigo unayomtoza mteja ina hiyo 500 ndani yake? Au uliweka petroli tu? Wengi tunaotangaza "mjini bure" tunasahau kwamba tairi, oili na breki havikusikia tangazo letu.

Fungua pochi ya pembeni kwenye simu au akaunti ndogo. Kila jioni hesabu oda, zidisha kwa kiasi chako, hamisha. Pesa hiyo si ya mtaji, si ya mchango wa harusi, ni ya gari.

8. CHAGUA SIKU

Usisubiri gari ichague siku yake, kwa sababu itachagua wiki ya kabla ya Idi, kochini kuna keki tatu na nguo za watoto wa watu, na kila mteja anataka kabla ya Magharibi. Piga hesabu nyuma: kabla Shaabani haijesha, gari iwe imeshafanyiwa sevisi. Vilevile kabla ya mvua za masika, Machi hivi, kagua wepa, tairi na breki.

Katika wiki ya kawaida tafuta siku ambayo oda ni chache, tangaza mapema: "Kesho hatupeleki mizigo, oda zote zitatoka keshokutwa." Mteja aliyeambiwa mapema hakasiriki. Anayekasirika ni yule aliyesubiri mchana kutwa, simu hazipokelewi, kumbe gari imekufa Kitope.

Kwa hiyo wiki hii fanya matatu: soma kistika cha mlangoni, jaribu taa ya oili, na piga hesabu ya shilingi ngapi kwa kila oda. Kama gari imeshabeba mizigo ya wateja na hujawahi kuifanyia sevisi tangu uipokee, usisubiri namba ifike. Ipeleke sasa.

Hifadhi posti hii, na mtumie mwenzako aliyepokea chombo juzi juzi. Allah atie baraka kwenye riziki zetu.